Sanduku la Salome, Kutoka Dar Mpaka Mandewa

Kila nikipita sokoni naulizwa. Nikinunua nyanya naulizwa, nikimpimia mteja kitenge naulizwa, na juzi imamu mzima alinisimamisha njiani akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama Rehema, ni kweli ulileta maiti, akageuka baiskeli?" Sasa nimechoka. Nakaa kitako nasimulia mara moja tu, na atakayeniuliza tena atanunua kitenge kwanza.

Kwa asiyenijua, mimi nauza vitenge soko kuu hapa Singida, na ni mwenyekiti wa kikundi cha kusaidia walemavu pale Mandewa. Siku hizi za ruksa, serikali imeruhusu kila kitu, kila mtu ana kikundi. Wenzetu wana gari, bango na katibu mwenye tai. Sisi tuna benchi, cherehani mbovu na mimi.

Na tuna Salome. Huyu ni binti wa Mzee Yohana, mkulima wa vitunguu. Polio ilimchukua miguu akiwa mdogo, lakini mdomo ikamwachia wote. Alifaulu kwenda sekondari, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Baba yake akasema, "Asome aende wapi? Akamfundishe nani, kuku?" Mkuu wa shule naye akaniambia ofisini kwake, mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango: "Mama, hii ni shule, si hospitali. Hapa hakuna wa kumbeba mtu. Akifika Jumatatu ya kufungua akijiendesha mwenyewe, nitampokea. Asipofika, nafasi nampa mwingine, wanaoisubiri ni wengi."

Nikamjibu kwamba atafika, tena kabla yake. Ndiyo sababu nilimfunga Salome mgongoni tukaenda Dar, kwenye karakana inayotengeneza baiskeli za matairi matatu. Kila baiskeli pale inatengenezwa kwa kipimo cha mwenyewe, mikono na kiuno, kama gauni. Habari za barua na mihuri naziacha. Naanzia siku tuliyoanza kurudi.

DAR ES SALAAM KWENDA DODOMA, KWA TRENI

Baiskeli ilitoka nzuri jamani. Rangi ya bluu, magurudumu mawili nyuma, moja mbele, na pedali ziko juu kifuani, unazungusha kwa mikono. Salome alipokalishwa mara ya kwanza aliuzunguka uwanja wa karakana huku akicheka, mafundi wakaacha kazi kumtazama. Mimi nililia. Msinicheke, mgongo uliokuwa ukimbeba ni huu wangu.

Watu wa treni wakasema mzigo wa namna ile hawaupokei bila sanduku. Fundi wa karakana akasema hilo dogo, jirani yake ni seremala, atatupigia sanduku leo leo. Nikashukuru. Hakuna aliyeniambia kwamba yule seremala, tangu azaliwe, hajawahi kupiga sanduku lingine isipokuwa jeneza. Alikuja na kamba yake, akaipima baiskeli, akaona nyuma pana na mbele inachongoka, uso ukamng'aa. "Hii imekaa sawasawa na kazi yangu," akasema.

Jioni tukaletewa jeneza. Pana mabegani, jembamba miguuni, limepigwa vanishi, lina mishikio pembeni. Na kwa kuwa karakana ile kila baiskeli inaandikwa jina la mwenyewe zisije zikachanganyika, fundi alichukua brashi na rangi nyeusi akaandika juu ya mfuniko kwa herufi kubwa: SALOME YOHANA, MANDEWA, SINGIDA.

Nikang'aka. "Baba wewe, hili si jeneza?"

"Mama, hili ni sanduku," seremala akasema bila wasiwasi. "Jeneza ni mpaka uweke mtu."

Ningemrudishia palepale, lakini alikuwa ameshapigilia misumari mirefu isiyo na huruma, na treni ilikuwa haitusubiri. Salome alilitazama sanduku kwa muda mrefu kutoka mgongoni kwangu. "Angalau wameandika jina langu vizuri," akasema.

Stesheni wapagazi walilibeba polepole, kofia mkononi. Mimi nikadhani hao ni wapagazi wenye adabu. Ndani ya behewa mama mmoja aliyekaa mbele yetu alinipa machungwa, akanishika goti, akasema, "Pole sana, mama." Nikajua ni pole ya safari. Nikamjibu kwa furaha kwamba tumeshapoa, na isitoshe tunarudi na kitu kizuri. Yule mama akamtazama mwenzake, akanipa na ndizi.

Dodoma tukashushwa. Mbele huko maji yalikuwa yamekata reli, na treni haisogei mpaka ijengwe. Lini? Mkuu wa stesheni alinyoosha mikono kuelekea mbinguni. Wenzetu wakaanza kutandika mikeka na kununua zabibu, mimi moto ukaniwaka kichwani. Jumatatu ilikuwa inakuja kwa miguu yake yote miwili.

DODOMA KWENDA SARANDA, JUU YA LORI

Dereva tuliyempata anaitwa Rama Chumvi, kwa sababu amebeba chumvi miaka mingi hata jasho lake, anasema mwenyewe, halihitaji kuongezwa kitu. Lori lake lilikuwa na magunia ya chumvi chini na marobota ya mitumba juu. Akakubali kutupakia mpaka Singida. Sanduku likawekwa juu kabisa, na kwa kuwa lilichomoza nyuma, akalifunga kitambaa chekundu, kama sheria inavyotaka. Taa za lori zilikuwa haziwezi kuzimwa, swichi imekufa. Basi tukaondoka hivyo, mchana kweupe, taa zinawaka, kitambaa chekundu kinapepea, jeneza juu, na wanawake wawili wamelikumbatia lisianguke.

Nilimwambia Salome akae mbele kwa dereva, akakataa. "Nataka kukaa na baiskeli yangu."

Nikaanza kuona mambo. Wapanda baiskeli walikuwa wanashuka tukipita. Wazee walikuwa wanavua kofia. Basi moja lilitupisha njia lenyewe, na ninyi mnajua basi lilivyo. Nikamwambia Salome watu wa huku Ugogoni wana heshima kweli. Salome akanitazama tu.

Kabla ya kupanda mlima wa Saranda kuna kizuizi. Pale malori yalikuwa yamepanga foleni, kila moja linashushwa mzigo chini, robota kwa robota, unakaguliwa. Madereva walikuwa wamewasha majiko wanapika. Mmoja alikuwa amefua na nguo zake zimekauka. Nikaona Jumatatu yetu imekufa hapohapo.

Afisa akaja kwetu. Akatazama juu, akaona sanduku, akasimama wima. Rama Chumvi, mtu yule, hata sekunde hakungoja. Akatoa kichwa dirishani, akalegeza uso: "Afande, tuko na msiba."

Afande akavua kofia. Akasogea nyuma ya lori akasoma jina, midomo inacheza. "Salome Yohana. Alikuwa mtu mzima?"

"Alikuwa bado kijana, afande," Salome akajibu.

"Masikini. Na wewe ni nani wake?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyekuwa namjua kuliko wote."

Afande akatikisa kichwa kwa uchungu, akapaza sauti kizuizi kifunguliwe. Malori yote yakasogezwa pembeni, na wale madereva wa majiko wakasimama na mwiko mkononi tukipita.

Nilimgombeza Rama mpaka sauti ikakauka. Uchuro gani huu, kumzika mtoto wa watu akiwa hai! Rama akasema kwani yeye amesema nani amekufa? Amesema msiba tu, na lori lake lenyewe ni msiba. Nami, nawaambia ukweli, niligombeza baada ya kizuizi, sikugombeza kabla.

MANYONI, TUKISUBIRI SPRINGI

Mlima tuliupanda, lakini springi ya nyuma haikuupenda. Tulipoingia Manyoni ikakatika, lori likaketi upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa. Rama akaliteremsha sanduku ili lisidondoke, akaliweka kando ya barabara karibu na kibanda cha mama lishe, akaenda kutafuta springi. Manyoni nzima haikuwa na springi. Akadandia gari kwenda kuitafuta Itigi.

Yule mama lishe, Mungu ambariki, alimchukua Salome akamlaza ndani kwake, maana alikuwa hajalala vizuri tangu Dodoma. Mimi nikakaa nje kulinda sanduku. Nikatandikiwa mkeka. Nikaletewa ugali na mlenda. Nikaletewa ugali na maharage. Nikaletewa ugali na kuku. Kila aliyepita aliketi kidogo, akanyamaza, akaniambia ndiyo njia yetu sote, akaondoka. Nilipotaka kuosha sahani zangu, wanawake watatu waliniruka: "Kaa chini mama, wewe huruhusiwi kushika kitu!" Wallahi tangu niolewe sijawahi kupumzika vile.

Nilijaribu kuwaeleza. "Jamani, humu ndani mna baiskeli."

Wakatazamana. Mmoja akanipapasa bega. "Ni kawaida," akawaambia wenzake. "Mimi nilipofiwa na mama nilikuwa nasema amekwenda kisimani."

"Nasema ni baiskeli! Salome amelala pale ndani!"

"Amelala, mama. Ndiyo, amelala. Kapumzika."

Hasira zikanipanda nikaanza kupiga kelele, na mimi nikipiga kelele machozi yananitoka, ndivyo nilivyoumbwa. Pale pale wakanishika mikono na miguu, wakanimwagia maji ya baridi kichwani.

Na hapo hapo, nikiwa nimelowa, machozi yananitiririka, kanga imeanguka, jeneza liko ubavuni, likapita basi la Singida. Dirishani alikaa Bwana Maulidi, fundi redio, jirani yetu wa Mandewa. Nikafurahi kuona mtu wa nyumbani! Nikaruka juu, nikampungia mikono yote miwili, nikapiga kelele, "Maulidiii! Tunakujaaa!" Maulidi akasoma mfuniko wa sanduku. Akaweka mikono kichwani. Basi likaenda zake.

Ndugu zangu, mnamjua Maulidi. Hata redio zenyewe anazotengeneza hazisemi kama yeye.

Nilikimbilia basi lililofuata, nikamwambia kondakta atupakie sisi na sanduku, niko tayari kusimama njia nzima. Akasema basi lao halipakii maiti. Nikamwambia si maiti. Akasema kila mtu anasema hivyo.

IKUNGI, SIKU YA MNADA

Rama alirudi na springi iliyokuwa ya lori la ukubwa mwingine. Akaipiga nyundo, akaifunga kwa kamba za mpira, akaiombea dua. Tukaondoka mwendo wa kinyonga, na ilikuwa imeshafika Jumapili. Nikamuuliza Salome anawaza nini. "Nawaza kile kitasa cha mlango," akasema. Nilikuwa nimemsimulia jinsi mkuu wa shule alivyoongea nami. Roho ikaniuma kwamba nilimsimulia.

Ikungi tukaikuta siku ya mnada. Nilimwomba Rama apite bila kusimama, lakini kwa ile springi, hata kupita ilikuwa ni sawa na kusimama. Na habari ilikuwa imetutangulia, kwani basi la Maulidi lilishusha watu pale. Tulipotokea tu, wauzaji wakaacha vitunguu, wauza mitumba wakaacha mitumba, wachoma nyama wakaacha nyama juu ya moto, hapo ndipo nilipojua mambo yamekuwa makubwa. Wanawake wakajifunga kanga viunoni wakalikabili lori kwa kilio.

Mzee Yohana asili yake ni Ikungi, na ndugu zake walikuwa wameshatangulia Mandewa tangu jana yake. Waliobaki hawakumjua Salome kwa sura, walijua tu kwamba marehemu ni wa kwao. Wakaanza kupanda. Kuku wakapandishwa, miguu imefungwa. Unga ukapandishwa, kuni zikapandishwa, sufuria kubwa ya kwaya, na kwaya yenyewe. Wakaketi kulizunguka sanduku, Salome akasukumwa pembeni mpaka akawa amebanwa katikati ya marobota mawili.

Nikasema hapana, leo nalifungua mbele yao. Nikachukua spana ya Rama nikaipenyeza chini ya mfuniko. Mayowe niliyoyasikia sijapata kuyasikia. Wanaume wanne walininyang'anya spana. Kufungua jeneza barabarani! Mwanamke gani huyu! Mzee mmoja akasema nisilaumiwe, uchungu umenipanda kichwani. Maji tena. Kichwani tena.

Mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa amemkumbatia kuku mwekundu, alimgeukia Salome akamwuliza alikufa kwa nini yule binti.

"Kwa kungojea," Salome akasema.

"Ugonjwa gani huo?"

"Upo, mama. Unaanzia miguuni."

Yule mama akalia kwa sauti, na kuku wake akalia pia. Salome akajifunika turubai mpaka usoni. Nilidhani analia. Baadaye aliniambia alikuwa anacheka, kisha akalia, kisha akapitiwa na usingizi.

MANDEWA, MSIBANI

Kwa Mzee Yohana turubai lilikuwa limefungwa, mabenchi yamepangwa, moshi wa majiko umetanda. Kando ya shamba la vitunguu niliona udongo mwekundu umerundikwa. Walikuwa wameshachimba.

Lori halijasimama sawasawa, watu wakalivamia. Kila mkono uliokuwepo Mandewa ulitaka kushika jeneza. Wakalishusha, wakaliweka mabegani, wakaondoka nalo kwa wimbo. Wanawake wakanishusha na mimi, wawili kwapani, mmoja nyuma, wakaniketisha kwenye mkeka. Nikawaambia Salome yuko juu, wakaitikia amina. Rama akatokomea. Na juu ya lori, katikati ya marobota, chini ya turubai, akabaki Salome. Watu wote wale, mikono yote ile, hakuna aliyembeba Salome.

Aliita. Nani amsikie, na kwaya ya Ikungi imekutana na kwaya ya Mandewa?

Zikaanza hotuba. Mkuu wa shule alikuwa mgeni wa heshima. Akasimama na suti yake, akakohoa. "Shule yetu," akasema, "imepoteza taa. Nafasi ya binti huyu niliilinda kwa mikono yangu. Nilikuwa nawaambia walimu wenzangu: mlango wetu uko wazi kwa Salome, aje hata akitambaa. Kiti chake nimekiweka mwenyewe karibu na dirisha, apate hewa. Na kama ingehitajika abebwe, mimi, mimi mwenyewe, ningekuwa wa kwanza kutoa bega."

"Muongo!" nikasema.

Maji.

Akafuata Mzee Yohana. Huyu hakukohoa wala hakuwa na hotuba. Alisimama ameshika kofia yake kama mtu aliyeitwa baraza la kata.

"Nilisema asome aende wapi," akasema. "Wote mlinisikia. Nilikuwa naona haya kupita naye barabarani. Yeye hakuwa na haya, mimi ndiye niliyekuwa nayo. Alikuwa ananisomea maandishi ya dawa ya vitunguu, mara mbili, polepole, kwa sababu anajua mimi sijui, na hakuwahi kuniambia mbele ya mtu kwamba sijui." Akaendelea kwa Kinyaturu, na wote wanaokijua wakainamisha vichwa. Kisha akasema tena kwa Kiswahili, "Angerudi leo, ningembeba mwenyewe mpaka darasani." Akakaa chini.

Nawaambia ukweli, nililia. Nilijua Salome ni mzima, nilijua yuko juu ya lori lile pale, na bado nililia kama wengine.

Mchungaji akasema sasa tuage. Akaja fundi na tindo, akahangaika na ile misumari ya Dar mpaka shati likalowa. Mfuniko ukaondolewa. Mgeni wa heshima ndiye aliyetangulia. Mkuu wa shule akainama kwa huzuni, akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Mwanamke wa nyuma yake akachungulia begani.

"Amegeuka baiskeli!"

Mimi nimeona watu wakikimbia nyuki, nimeona wakikimbia mgambo wa soko, lakini mbio zile sijaziona. Mabenchi yalipinduka. Turubai lilianguka juu ya kwaya zote mbili, likawa linatembea lenyewe huku likiomba msamaha wa dhambi. Mchungaji alipita pembeni yangu na joho limeshikwa juu ya magoti. Walioniketisha mkekani walinikanyaga.

Mzee Yohana peke yake hakukimbia. Alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku, mkono wake uko juu ya tairi la bluu. Na katika ule utulivu, uwanja umebaki kuku tu, ikasikika sauti kutoka juu ya lori.

"Baba! Niko huku! Njoo uniteremshe!"

Aligeuka. Sijui alivyofika kwenye lori, ni mzee yule. Alipanda, akaondoa turubai, akamshika mashavu, akamshika mikono, akamshika mashavu tena. Akageuza mgongo, akachuchumaa, Salome akamkumbatia shingoni. Akashuka naye hivyo, taratibu, akapita naye katikati ya uwanja ambako watu wote, sasa wameanza kuchungulia kutoka nyuma ya nyumba na migunga, walikuwa wanamwona. Baiskeli tukaitoa, akamkalisha.

"Umesikia?" akamwuliza.

"Nilikuita mara nyingi, baba. Ulipoanza kusema nikanyamaza, nikataka umalize."

Salome akashika pedali. Akakivuka kiwanja, polepole, mpaka nyuma ya majiko, ambako mkuu wa shule alikuwa amejificha na mfuniko wa sufuria kifuani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akajibu kabla ya kufikiri. Malezi mema ni kitu kikubwa.

"Nimesikia hotuba yako. Nimeshukuru sana. Kile kiti cha dirishani, kesho nitakikuta?"

Watu walikuwa wamesogea, Mandewa yote na nusu ya Ikungi, vumbi usoni, wanamtazama mkuu wa shule. Akatafuta kitasa cha mlango, hapakuwa na mlango. "Kipo," akasema. "Kipo, kipo."

Baada ya hapo watu wakala, kwani kilichopikwa kimepikwa. Salome alikula sahani mbili akasema chakula cha msiba wake kimepungua chumvi, na lori zima la chumvi limesimama nje. Wazee wakasema kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, wakabishana na mchungaji kwa muda, mwisho ukatafutwa mgomba kwa Maulidi ukazikwa kwa heshima zote. Maulidi alilia mgomba wake kuliko alivyomlilia Salome. Na yule mama mnene wa Ikungi akaja kudai kuku wake mwekundu, kwamba alimleta kwa ajili ya maiti na maiti hayupo.

"Mama," Salome akamwambia, "nitakufa tu siku moja. Kuwa na subira."

MANDEWA KWENDA SHULENI

Hii ndiyo ilikuwa safari fupi kuliko zote, na ndiyo tuliyoifuata mpaka Dar. Jumatatu asubuhi Salome alitoka na sketi ya shule, amechanwa nywele. Alijiendesha mwenyewe. Mzee Yohana alitembea nyuma yake, mikono ameifunga mgongoni asije akashawishika kusukuma. Nyuma yao nikaja mimi, na nyuma yangu msiba mzima, kwa kuwa waliotoka mbali walikuwa hawajapata gari la kurudi.

Mkuu wa shule alikuwa getini. Akalifungua geti mwenyewe, mashahidi walikuwa wengi mno. Tukaenda mpaka mlangoni kwa darasa, na hapo tukasimama sote. Darasa lile lina ngazi. Ngazi za zege, ndefu, zimechakaa katikati. Katika safari yote ile, mimi mwenyekiti wa kikundi cha walemavu, nilikuwa nimewaza reli, springi, vizuizi na Jumatatu, sikuwaza ngazi. Dirisha liko juu pale, kiti nilikiona kwa macho yangu, na Salome yuko chini. Akalegeza pedali. Nikaona kidevu chake kinatetemeka, yeye ambaye hakutetemeka alipokuwa maiti.

Mkuu wa shule akatazama ngazi. Akamtazama Mzee Yohana, ambaye alikuwa ameshavua kofia na kuinama. Akatutazama sisi wote. Kisha akavua koti la suti, akamkabidhi mtu, akatoa bega, kama alivyosema.

Wakajitokeza na wengine, walewale wa jana. Baba yake mbele kulia, mkuu wa shule mbele kushoto, wanne nyuma na pembeni. Wakashika baiskeli, wakainua, Salome akiwa juu amekaa, wakaiweka mabegani. Walikuwa wamezoeana. Walitafuta mwendo mmoja, hatua ya kwanza, hatua ya pili, na sijui ni nani aliyeanza, nadhani mwanakwaya wa Ikungi, kwa mazoea tu, akaanza ule wimbo wa kuagia, kwa sauti ya chini. Wengine wakaupokea. Mkuu wa shule akatia sauti ya pili. Wanapanda ngazi, vichwa vimeinama, wanaimba kwa majonzi kabisa.

Salome akainama kutoka juu, akamgusa baba yake kichwani.

"Jamani," akasema, "huo mlishaniimbia jana. Imbeni mwingine."